Kompyuta Haikuua Safari Rally

Jamani, leo tuambiane ukweli bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila Safari Rally ikifika, kuanzia gereji za mjini Kisii hadi vibanda vya chai pale Kebirigo, wimbo ni ule ule: rally ya zamani ndiyo ilikuwa rally, hii ya siku hizi ni mchezo wa watoto, gari linaendeshwa na tarakilishi na dereva ameketi tu kama abiria wa matatu. Wazee wanaimba, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Colin McRae alipotwaa ile ya 2002 wanaitikia.

Kazi yangu ni kuandika programu. Mtu akiniambia "kompyuta ndiyo inaendesha" huwa namuuliza swali moja tu: kompyuta gani, na inafanya nini? Hapo ndipo watu huanza kukohoa na kuagiza chai nyingine.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 2000 na 2001, enzi za Richard Burns, Tommi Mäkinen na huyo huyo McRae, magari ya ngazi ya juu yalikuwa na difu zinazoongozwa na kompyuta. Vihisi vilisoma mwendo wa magurudumu, pembe ya usukani na breki, kisha programu ikaamua nguvu kiasi gani iende mbele na kiasi gani ibaki nyuma. Katika baadhi ya magari hayo gia zilibadilishwa kwa mfumo wa haidroliki, dereva akigusa tu kijiti kilicho karibu na usukani. Hiyo ndiyo rally mnayoiita "ya kweli". Sasa njoo mwaka 2022, magari ya Rally1 yalipoingia. Difu ya kati ikaondolewa kabisa. Gia zikawa tano, na dereva anazivuta kwa mkono, kwa rungu la gia kama la lori la chai. Yalibeba mota ya umeme ya kilowati 100 kuanzia 2022 hadi 2024, kweli, lakini mwaka 2025 hata hiyo ikatolewa. Kwa hiyo anayemlilia McRae kwa sababu anachukia kompyuta analilia gari ambalo programu ilikuwa na sauti kubwa zaidi kuliko ilivyo katika hili analolitukana.

Hata mashabiki wa Formula 1 wana ugonjwa huu. Williams FW14B, gari lililompa Nigel Mansell ubingwa wa dunia mwaka 1992, lilikuwa na springi zilizoongozwa na kompyuta. Misaada ya namna hiyo ikapigwa marufuku kuanzia 1994. Ukiona mtu anasema Mansell alikuwa mwanamume na Max Verstappen anabebwa na mashine, mwambie akasome kanuni kwanza.

Je, hakuna kilichobadilika? Kimebadilika, tena sana. Lakini mnatafuta mwizi nyumba isiyo yake. Kilichobadilika kwanza ni saa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo fani yangu inapoingia.

Safari ya zamani haikuwa na mikondo maalumu inayofungwa na kupimwa kwa sekunde kama leo. Barabara iligawanywa vipande, kila kipande kikapewa muda wake, na ukichelewa kufika kituoni unapigwa adhabu kwa dakika. Dakika nzima nzima! Mwaka 1973, baada ya maelfu ya kilomita za matope na vumbi, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare ndiyo iamue, na Mehta akapewa ushindi. Linganisha na mwaka 2023: Sébastien Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7. Kwa saa inayohesabu dakika tupu, pengo hilo halionekani.

Mwandishi yeyote wa programu atakwambia kwamba ukibadilisha kipimo umebadilisha na tabia ya wanaopimwa. Ukipima kwa dakika kwenye njia ya kilomita 5,000 hivi, dereva mwerevu ni yule anayelitunza gari, anayejua kupunguza mwendo kabla ya mtaro, anayefika. Ukipima kwa sehemu ya kumi ya sekunde kwenye mikondo ya kilomita 320 au 380, dereva mwerevu ni yule anayelipiga gari hadi mwisho wa uwezo wake kila kona, kwa sababu sekunde aliyoipoteza Alhamisi haitarudi Jumapili. Hii ni michezo miwili tofauti yenye jina moja. Kubishana ni upi wenye wanaume zaidi ni kama kubishana kati ya mbio za nyika na mita 400. Wazee wameona badiliko kwa macho yao wenyewe, siwanyimi hilo, ila wakalibandika jina la kompyuta kwa sababu kompyuta ndicho kitu wasichokifahamu.

Na kuna jambo moja ninalokubaliana nao kabisa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Ukivunjika Safari ya siku hizo, umevunjika, tafuta lifti urudi nyumbani. Leo gari likivunjika Ijumaa mafundi wanalitengeneza usiku, dereva anaongezewa dakika za adhabu, na Jumamosi asubuhi yuko barabarani akifukuzia pointi. Mimi hili linanikera! Lakini ni kanuni ya makaratasi, imeandikwa na watu walioketi mezani. Hakuna kompyuta iliyoiomba.

Sasa wale wanaotaka barabara zifunguliwe tena kama zamani, rally ipite katikati ya matatu, ng'ombe na akina mama wanaotoka sokoni... ndugu zangu, mmefikiria? Sensa ya 1969 ilihesabu Wakenya milioni 10.9. Ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Kaunti ya Kisii peke yake ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira nayo imebanana. Huku kwetu ukitoka mlangoni uko barabarani, na ukivuka barabara uko kwa jirani. Na hata hizo siku za "ujasiri" timu kubwa zilikuwa na helikopta zikiruka mbele ya gari, mtu akitangaza kwa redio: ng'ombe kushoto, lori linakuja. Helikopta na redio si teknolojia? Au teknolojia ni ile tu iliyokuja baada ya ninyi kuzeeka?

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. Sifa hizi za barabara wazi haziishii kwenye hadithi. Kuna vijana wanaoendesha Probox kutoka Kisii kwenda Keroka, watu wanne kiti cha mbele, wanaoamini kwamba kukata kona bila kugusa breki ndiko kuwa Joginder. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda 1965, 1974 na 1976 kwa kuwa mtu aliyelihurumia gari lake. Hilo haliimbwi vibandani.

Kilichouawa hasa, mkitaka niseme, ni nafasi ya mtu wa hapa kushinda, na aliyeiua ni pesa. Tangu mashindano yalipoanza mwaka 1953 hadi 1971, washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki. Bert Shankland wa Tanzania alichukua 1966 na 1967. Ujuzi wa njia ulikuwa ndio mtaji. Hannu Mikkola wa Finland ndiye mgeni wa kwanza kuuvunja mlango, mwaka 1972 kwa Ford Escort, na baada ya hapo kampuni zikaanza kuununua ujuzi huo kwa majaribio marefu na vikosi vya mafundi. Mehta akajitahidi, akashinda minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ian Duncan akashinda 1994 kwa Toyota Celica. Tangu hapo hakuna Mkenya aliyeshinda Safari ikiwa kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi kwenye ubingwa huo mwaka 2021, Toyota ilichukua zote tano hadi 2025, na 2022 na 2023 ilijaza nafasi nne za kwanza. Madereva wetu wapo, lakini kwenye madaraja ya chini: Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 mwaka 2022 kwa Ford Fiesta ya Rally3. Kati ya gari lile na Rally1 pengo ni la akaunti ya benki. Si la moyo.

Basi angalia ubaya wa wimbo huu wa "kompyuta imeharibu". Kijana wa Nyansiongo anayejifunza ufundi anausikia kila siku, na anachokiokota ni kwamba gari lenye waya nyingi ni la Wazungu na Wajapani, sisi tubaki na spana na nyundo. Wakati huo huo Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka ule ule wa 2002, ina kompyuta ya injini! Gari linalobeba Kisii nzima mgongoni lina kompyuta, na gereji nyingi taa ya injini ikiwaka dawa yake ni kubadilisha plagi, ikiendelea kuwaka badilisha koili, ikizidi toa balbu. Mteja analipa mara tatu. Skana ndogo ya Bluetooth ya kuchomeka chini ya dashibodi ingesema tatizo liko wapi kwa dakika moja.

Naam, kuna kikwazo, na wanaouza skana hawakwambii. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ile ile ya pini 16, lakini mengine yanazungumza lugha tofauti kidogo, kwa hiyo skana rahisi hugoma hadi uiandikie amri maalumu za kuianzisha. Amri hizo ni mistari miwili mitatu ya herufi. Fundi aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kompyuta ni adui hawezi kuzitafuta. Ataitupa skana na kusema ni feki.

Ndiyo maana nimeanza kuandika programu ya simu inayotuma amri hizo yenyewe na kuonyesha misimbo ya hitilafu kwa Kiswahili. P0300 nimeiandika "injini inamisi, silinda zaidi ya moja", kwa sababu ndivyo mafundi wa huku wanavyosema. P0171 inanisumbua: hewa ni nyingi na petroli ni kidogo, lakini nataka neno moja la gereji. Aliye nalo aliandike hapo chini.