JIJI LATUTAKA MCHANA TU



Jamaa zetu wa mashambani hutuambia, "Ninyi mmefaidi, mwakaa Nairobi." Yafaa waambiwe ukweli. Wengi wetu twakaa Mwiki, upande wa Ruiru, ambako ni Kaunti ya Kiambu. Nairobi twaenda kufanya kazi tu, na jioni twarudishwa kama jembe la kuazima.

Wazee wetu wa reli walikaa katika landhi za Muthurwa na Makongeni, wakaenda kazini kwa miguu. Lakini chumba kilikuwa kimoja, na wengi waliacha mke na watoto shamba. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilisema wazi ya kuwa kima cha chini kilikuwa cha mtu kapera, ikashauri kipandishwe kitoshe mtu na jamaa yake. Sisi leo twakaa na jamaa zetu, na hilo ni jema. Ila kazi imekuwa mbali, na gharama ya njia twaibeba wenyewe.

Hebu tupige hesabu. Mwenye zamu ya saa 12 asubuhi huamka saa 9:30 usiku. Tuseme nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi: kwa siku 26 ni shilingi 5,200. Tuseme njiani ni saa 2 asubuhi na saa 2 jioni: kwa mwezi ni saa 104, yaani siku 13 za kazi ya saa 8, bila malipo. Mvua ikinyesha nauli hupanda, mshahara haupandi.

Wako wasemao, "Nani aliwatuma Mwiki?" Kodi ndiyo iliyotutuma. Chumba kilicho karibu na kazi humaliza mshahara kabla ya unga kununuliwa.

Tena, sheria ya mwaka 2024 iliweka ada ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanya kazi, na mwajiri atoe kiasi hicho hicho. Mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza nyumba zajengwa wapi: karibu na kazi, au mbali zaidi? Na reli ya Thika ipo tangu mwaka 1913, yapita Githurai na Ruiru. Ni aibu sisi tunaoitunza reli kupanda matatu alfajiri kwa sababu saa za treni hazikupangwa kwa zamu zetu.

Basi, katika mapatano yajayo Chama kidai mambo mawili: posho ya nauli iandikwe mbali na mshahara, na zamu za alfajiri na usiku zipewe usafiri. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Kila mwanachama na aandike kwa mwezi mmoja saa zake za njiani na nauli aliyolipa, ampe katibu wa tawi lake. Tukiingia mkutanoni na hesabu mkononi, mwajiri hatatuambia ya kuwa twalalamika tu.

Umoja ni nguvu.