Damu Tumeshatoa, Jibu Liko Wapi?

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gladys Wanga, Gavana wa Homa Bay, na Mheshimiwa Ochilo Ayacko, Gavana wa Migori

Waheshimiwa,

Nawaandikia barua moja kwa sababu wagonjwa wenu hukutana kwenye benchi moja. Wa Ndhiwa na wa Awendo, kansa ikishukiwa, wengi huishia Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia. Hapo hakuna anayeulizwa gavana wake ni nani.

Siku hizi kuna maneno mengi kuhusu kipimo cha damu kinachobaini kansa kabla mtu hajahisi chochote. Sayansi yake si porojo. Uvimbe hudondosha vipande vya DNA ndani ya damu, na mitambo ya leo inaweza kuvitambua. Uingereza ilianza mwaka 2021 kukijaribu kimojawapo, Galleri, kwa watu wapatao 142,000. Marekani kimekuwa kikiuzwa kwa dola 949, yaani zaidi ya shilingi 120,000 za kwetu. Siamini kuna mtu katika afisi zenu anayepanga kuwanunulia wakazi wa Karungu kipimo hicho.

Ninachohofia ni ndugu zake wa bei nafuu. Kambi ya matibabu ikipigwa uwanjani, watu hupanga foleni kuanzia alfajiri, na mara nyingine huahidiwa "kupimwa kansa" kwa damu: PSA kwa wanaume, CA-125 kwa akina mama, na CEA kwa yeyote. PSA kwa mzee anayepata shida kukojoa, mbele ya daktari atakayeifuatilia, sina ugomvi nayo, ingawa hupanda hata tezi ikiwa imekua tu kwa umri. Lakini CA-125 hupanda mwanamke akiwa katika hedhi, na hupanda akiwa mjamzito. CEA hupanda kwa mvutaji wa sigara. Ukimpima mama asiye na dalili yoyote, ukamwambia namba yake iko juu, kisha ukakunja hema ukaenda zako, umempa nini? Atauza mbuzi apate nauli ya kwenda kutafuta ugonjwa ambao pengine hana. Na yule ambaye namba yake iko chini atarudi nyumbani akiamini amepimwa kansa zote, asikanyage tena kliniki ya mlango wa kizazi.

Hiyo ndiyo kansa iliyopaswa kutukosesha usingizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13.3 Migori. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye virusi hivyo yumo katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake hawa hatuhitaji kuwatafuta kwa vipaza sauti. Wanajulikana, wana kadi, wanakuja kliniki za CCC, zinazohudumia wenye virusi, kuchukua dawa na kutolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Kaunti ya Homa Bay ina historia ya kujivunia katika jambo hili: ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako dawa za kupunguza makali ya virusi zilitolewa bure katika hospitali ya umma, mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Tangu hapo umejengeka mtandao wa damu: zahanati, pikipiki inayobeba sampuli, maabara, na jibu linalorudi.

Lakini kirusi cha HPV, kinacholeta saratani hiyo ya mlango wa kizazi, hakipimwi kwenye damu. Kinahitaji kijiti chenye pamba, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, bila kulazwa kitandani wala kufunuliwa mbele ya mtu. Hili halihitaji tena kuthibitishwa na wageni, maana limethibitishwa Migori. Kuanzia mwaka 2016, watafiti walilinganisha jamii 12 za kaunti hiyo: katika baadhi, wanawake walipimiwa kwenye kambi za vijijini, katika nyingine kwenye vituo vya afya. Kambi ziliwafikia wanawake wengi zaidi. Kwa hiyo sizipingi kambi, mradi zibebe kipimo kinachofaa. Ila kuna sehemu ya utafiti huo isiyosomwa kwa sauti kwenye mikutano: pande zote mbili, waliokutwa na kirusi na hatimaye wakapata tiba hawakufika nusu. Mwanamke alipimwa, jibu likapatikana, kisha akatakiwa asafiri hadi hospitali kutibiwa sehemu ile inayoweza kuwa na chembe zilizobadilika, kazi ya dakika chache. Nauli, shamba, mume asiyeelewa, woga, na safari ikafa.

Basi fedha ziende pale safari inapofia. Mashine za GeneXpert tulizozoea kwa kifua kikuu zinaweza kupima HPV pia, mkinunua katriji zake. Vifaa vya kutibu sehemu hiyo kwa kuichoma kwa joto ni vidogo kiasi cha kushikwa mkononi, vingine vinatumia betri. Vinaweza kupelekwa Muhuru Bay na kisiwani Mfangano kwa siku inayojulikana, badala ya kila mwanamke wa kule kufunga safari kuja mjini. Na nyamrerwa, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye mnamtumia kwa kila kampeni, apewe orodha ya waliokutwa na kirusi na alipwe posho ya kuwafuatilia mpaka watibiwe.

Nimebakisha watoto. Hapo kipimo cha damu kina kazi ya kweli, na sielewi kwa nini hatukizungumzii. Kansa ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, ni ya ukanda huu wa ziwa, kwani huenda sambamba na malaria na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964. Taya la mtoto huvimba na meno hulegea. Wazazi hudhani ni jino, na jino hung'olewa. Uvimbe wenyewe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, ilhali kuthibitisha kwa kukata kinyama huhitaji mpasuaji, kisha mtaalamu wa kusoma kinyama, kisha wiki za kungoja. Ni kansa inayotibika kwa dawa, na katika nchi tajiri watoto wengi mno hupona. Kwetu kuchelewa ndiko kunakoua.

Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wa Hospitali ya Lacor, Gulu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakijaribu kuitambua kansa hii kupitia damu, kwa kutafuta DNA ya uvimbe pamoja na ya kirusi. Kirusi peke yake hakitoshi, kwa kuwa karibu kila mtoto wa huku anacho. Kisumu wapo watafiti wa tiba wa KEMRI, waliochunguza Burkitt kwa miaka mingi, na ipo Jaramogi inayowatibu watoto hao. Kaunti zenu mbili zinaweza kwenda kwao pamoja na kuwaambia: tunao watoto, tunazo pikipiki za kubeba damu, tuanzeni.

Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona jinsi mtandao huo wa damu ulivyoegemea mfuko wa mtu mwingine. Sheria inawataka mfikishe makadirio ya bajeti kwenye mabunge ya kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Naomba katika makadirio yajayo pawe na fungu lenye jina lake, la katriji za HPV, mafuta ya pikipiki, vifaa vya kuchoma na posho ya ufuatiliaji. Na kila robo ya mwaka mbandike kwenye kuta za hospitali zenu za rufaa idadi ya wanawake waliokutwa na kirusi cha HPV, na kando yake idadi ya waliotibiwa. Idadi ya waliopimwa mnaweza kuiacha kwa ajili ya hotuba.

Wenu,
Mkazi wa Rongo