Fayawoli ni bati, na tundu lake linaua

Fayawoli ninayoizungumzia leo siyo ile ya kompyuta. Sisi watu wa programu neno hilo tuliliazima tu. Kwenye ndege ndogo yenye injini puani, fayawoli ni bamba la chuma linalokaa kati ya injini na miguu ya rubani, ili injini ikishika moto yeye apate dakika za kutua.

Wapo watu wanaojijengea ndege hizi nyumbani. Hapa Kenya tulimsikia Gabriel Nderitu, mtu wa IT, aliyeingia kwenye habari kwa kujenga ndege akitumia injini ya Toyota. Ukisoma maandishi ya wajenzi hawa utashangaa jinsi wanavyobishana kuhusu tundu moja: lile la kupitishia nyaya kwenye fayawoli.

Na fayawoli yenyewe ni nini? Kanuni za Marekani za ndege ndogo kwa miaka mingi zilikubali bamba la chuma lililokingwa dhidi ya kutu, unene inchi 0.018, yaani kama milimita 0.46. Hilo ni bati, ndugu yangu! Ni nene kuliko geji 30 tunayoezekea hapa, lakini ni bati.

Sasa, mjenzi wa ndege hapigi msumari na kusukuma waya. Anatoboa tundu la mviringo, anapiga tupa ukingo hadi uwe laini, anauvika kiraba ili bati lisikate ganda la waya injini inapotetemeka. Kisha anajua raba itaungua, kwa hiyo juu yake anaweka kifuniko cha chuma na kuziba nafasi kwa dawa isiyoshika moto. Alumini haitaki hapo, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na fayawoli hupimwa kwa moto wa nyuzi karibu 1,100. Waya mnene wa stata anauogopa zaidi, maana mara nyingi hauna fyuzi. Yote hayo kwa umeme wa volti 12!

Njoo sasa Kawangware 56. Tembea kwenye ploti za mabati utazame juu ya milango. Waya wa volti 240 umepita kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari, ukingo una meno kama msumeno, na upepo unautikisa mchana na usiku. Hakuna raba wala paipu.

Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Shida ni sambaza." Nimelichoka jibu hili. Sambaza ni hatari, sikatai. Lakini nimeona ploti yenye mita halali, bili inalipwa, na waya umepita kwenye tundu hilo hilo la msumari. Bati halijui kama stima imelipiwa. Kuwalaumu wapangaji kwa wizi ni njia rahisi ya landilodi kutozungumzia kazi mbovu aliyoilipia mwenyewe.

Na usiniambie fyuzi itakata. Tufanye hesabu. Waya umechubuka, umegusa bati. Mabati ya ploti yameshikana kwa misumari, kwa hiyo safu nzima ya vyumba ina stima. Waya wa athi haupo. Bati limesimama kwenye nguzo za mbao na udongo. Tuseme njia ya kwenda ardhini ina omu 200. Gawa 240 kwa 200, unapata ampea 1.2. Fyuzi ya ampea 5 haitajua kuna jambo. Mtu, kwa upande wake, anaweza kufa kwa chini ya ampea 0.1. Mvua inyeshe, mama aanike nguo kwenye kamba iliyofungwa ukutani, au mtoto ashike ukuta akiwa pekupeku, na umeme unapita ndani yake huku taa za jirani zikiendelea kuwaka vizuri.

Kwenye ndege ya chuma, waya ukigusa bodi fyuzi hukatika, kwa sababu bodi yenyewe ni njia ya kurudi kwenye betri. Kwa hiyo nyumba ya mabati inahitaji uangalifu zaidi ya ndege, siyo pungufu. Nani alituambia viwango ni vya matajiri wa Wilson, wale ambao ndege zao tunaziona zikipita juu ya Kibera?

Landilodi, mwite fundi azime stima kwenye mita. Kila tundu lipigwe tupa, livishwe kiraba, waya upite ndani ya paipu ya plastiki na uingie ukitokea chini kwenda juu, maji yasiufuate hadi ndani. Mabati yaunganishwe na waya wa athi ulioshuka ardhini kwenye nondo yake. Na kwenye boksi la mita iwekwe ile swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Hiyo swichi ndiyo ghali kuliko vyote, na bado nadhani haifiki kodi ya mwezi ya chumba kimoja unachopangisha. Kiraba ni pesa ya chai. Fundi akikwambia hakina haja, tafuta mwingine.