MASHINE YA MAJI, JASHO LA FUNDI: BOSI, MLIPE DOGO KWANZA!

Ile video ya sekunde 40 kila mtu mjini ameshaiona. Mwongozaji mmoja wa video za Bongo Fleva, jina kubwa tu hapa Dar, kasimama kwenye studio yake ya Sinza, taa zimepunguzwa. Mezani kuna kiboksi cha kioo, kidogo kuliko ndoo ya lita 20. Ndani yake maji ya zambarau yanazunguka kwenye paipu za kung'aa zilizokunjwa kona safi kabisa. Jamaa anakigusa taratibu, anaangalia kamera, anasema: "Hii mashine nimeijenga kwa mikono yangu mwenyewe."

Mikono ipi?

Mikono iliyojenga ile mashine ni ya dogo mmoja wa Tandale, fundi wa kompyuta, aliyemaliza fomu four na mengine yote akajifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alilala pale studio siku nne, chini, kwenye boksi za hizo hizo vifaa. Siku ya tano akapewa elfu thelathini ya bodaboda na ahadi moja: "Dogo nitakutag, utapata madili mpaka uchoke."

Tag haikuja. Hela ya ufundi nayo haijaja mpaka leo.

Ingeishia hapo watu wangesema ni yale yale ya mjini, mastaa na madeni ni pete na kidole. Lakini haikuishia hapo. Miezi mitatu baadaye mashine ikaanza kupata homa, ikawa inazima katikati ya kazi. Bosi kaingia insta story na maneno makubwa: "Mafundi wa Bongo hawaaminiki, nimetia hasara ya mamilioni." Hajataja jina, ila waliokuwa wanamjua dogo walijua. Ndani ya siku mbili wateja wake wawili wakachukua mashine zao. Mwenye fremu aliyokuwa anapangisha kameza ule uongo mzima mzima, kaanza kumuuliza maswali.

Sasa hapo ndipo panauma. Mtu kala kazi ya mtu, kala na sifa, halafu hasara ilipokuja ndo anakumbuka kwamba kuna fundi!

Kwa wale wanaosema "kwani kuunganisha kompyuta ni kazi gani, si kama kucheza na matofali ya watoto tu", wasome vizuri hapa.

Ndani ya kile kiboksi kuna prosesa ya i9-14900K na kadi ya grafiki ya RTX 4090. Prosesa peke yake ikikaza inakula mpaka wati 253. Kadi inakula wati 450. Jumlisha: wati 703. Pasi ya umeme ya nyumbani ni kama wati 1000. Yaani ni kama umeweka pasi ya moto kwenye ndoo, umefunga mfuniko, halafu unaiambia ikae hapo ikurendie video usiku kucha bila kuungua.

Ndo maana ya maji. Lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Maji yanapita juu ya prosesa na juu ya kadi kupitia vipande vya shaba vinavyoitwa bloku, yanachukua joto, yanakwenda kwenye rejeta, feni zinapuliza, joto linatoka nje, maji yanarudi. Ni gari lile lile unalolijua, rejeta na pampu, ila limebanwa kwenye kiboksi.

Kwa boksi dogo maji yana faida nyingine ambayo wengi hawaijui. RTX 4090 ile iliyotoka na Nvidia wenyewe ina unene wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 30. Ukiivua mafeni yake yote ukaivalisha bloku ya maji, unene unashuka kama nusu. Hapo ndo inaingia kwenye boksi. Mazabodi yenyewe ni ya sentimita 17 kwa 17, kadi inakaa mgongoni mwake, zimeunganishwa kwa waya bapa. Kila milimita ina hesabu yake.

Sasa fikiria nani anaivua hiyo kadi. Ni kitu cha mamilioni, skrubu ndogo kama punje ya mchele, chini yake kuna pedi laini za kupitishia joto. Ukiweka pedi nene kuliko inavyotakiwa, bloku haigusi chipu vizuri, kadi inachemka ndani ya sekunde. Ukikaza skrubu za upande mmoja sana, chipu inaweza kupasuka. Hapo hakuna cha "samahani bosi". Dogo aliifanya hiyo kazi saa nane usiku, jasho linamtoka, AC imezimwa kwa sababu bosi alisema umeme unakwenda.

Halafu zile paipu ambazo watu wameandika "duh, hii ni sanaa". Paipu ngumu haiji ikiwa imekunjwa. Unaingiza mpira wa silikoni ndani ili isibonyee, unapuliza hewa ya moto huku unaizungusha, inalainika, unaikunja kwa jicho na kwa mkono. Ukikosea milimita mbili haifiki kwenye fitingi, tupa, anza upya. Ukishakata, unasugua ncha mpaka iwe laini, maana ncha kali inaikata ile pete ya mpira, oringi, na oringi ikikatwa maji yanatafuta njia. Dogo alitupa vipande tisa kabla ya kupata vile vitano unavyoviona kwenye video. Vidole viwili viliungua. Hivyo havimo kwenye video.

Bado kupima. Unawasha pampu peke yake, kompyuta nzima haina umeme, unazungushia tishu kila kiungo, unakaa unaangalia masaa 24. Tishu ikilowa, umeokoka, hakuna kilichoungua. Dogo alikaa hayo masaa 24. Waliokuwepo pale studio wanasimulia kwamba bosi alipita mara moja tu, akapiga picha, akaondoka.

Kwa hiyo mashine iliharibika kwa sababu gani? Hapa ndo patamu.

Dogo alimwambia bosi mambo matatu, na meseji zipo, walioziona wameziona.

La kwanza: "Kaka, hizo rejeta ulizonunua ni za alumini, na bloku zetu ni za shaba. Zikikaa kwenye maji mamoja zinalana." Hilo si dogo kalitunga. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji yale yale, alumini inaliwa taratibu, uchafu wake unaingia kwenye maji. Mafundi rejeta hata wa gereji ya chini ya mwembe wanakijua hicho kitu. Rejeta za shaba zilikuwepo, bei juu kidogo. Jibu la bosi: "Dogo we funga tu, mi ndo nalipa."

Anayelipa! Wakati hajalipa mpaka leo.

La pili: "Hayo maji ya rangi nzito ni ya maonyesho, hayafai kukaa muda mrefu." Kweli tena. Yale maji mazito kama maziwa ya rangi yana chembe ndani yake, zinashuka na kuganda. Ndani ya bloku kuna vijinjia vyembamba chini ya milimita moja. Chembe zikijaa humo, maji hayapiti, prosesa inapiga nyuzi 100 inajipunguza speed, ikizidi inazima. Dogo alitaka maji yaliyochujwa kabisa, yasiyo na chumvi, na dawa ya kuzuia ukungu. Yangekuwa meupe, hayana kiki. Bosi akataka zambarau kwa sababu zambarau inaonekana kwenye kamera.

La tatu: "Hiki kiboksi ni kidogo kwa hivi vitu viwili, tuongeze saizi kidogo tuweke rejeta nyingine, kaka, Dar ni joto." Watu wengi wanadhani maji yanaleta ubaridi. Hayaleti! Maji yanahamisha joto tu. Chumba kikiwa nyuzi 32, na studio hiyo mwezi wa pili bila AC inafika huko, maji hayawezi kushuka chini ya 32 hata uyasomee dua. Kinachosaidia ni ukubwa wa rejeta na hewa safi. Kiboksi kile kimebandikwa ukutani, nyuma kuna pazia, vumbi la Sinza limejaa kwenye rejeta, hakuna aliyewahi kupitisha hata brashi. Mashine ya maji inataka kusafishwa, maji yabadilishwe mara moja au mbili kwa mwaka. Nani alimwita dogo aje asafishe? Namba yake ilishablokiwa baada ya kudai hela yake mara ya tatu.

Walipoifungua sasa, fundi mwingine kaitwa, huyo kalipwa keshi, kakuta nini? Tope la zambarau kwenye bloku na rejeta imeanza kutoboka kwa ndani. Paipu na viungo vya dogo, hata tone moja halijavuja. Kazi ya fundi imesimama. Kilichoanguka ni alichong'ang'ania bosi.

Na kuvuja si jambo la kuchekea. Hata Apple mwaka 2004 walitoa Power Mac G5 ya kupozwa kwa maji, kampuni yenye mainjinia kibao, na baadhi zilivuja zikaharibika. Dogo wa Tandale kaunganisha ya kwake kwenye chumba bila AC, haijavuja. Halafu anaitwa kanjanja.

Wapo wanaomtetea bosi. Hoja yao ya kwanza: vifaa kanunua yeye, kwa hiyo mashine ni yake. Sawa, mashine ni yake, hakuna aliyembishia. Ila mwenye nyumba akisema "nimejenga" kila mtu anajua kuna fundi uashi, na fundi uashi huyo kalipwa Jumamosi. Usipomlipa, usiseme hata hiyo "nimejenga" ya kawaida. Ukisema "kwa mikono yangu mwenyewe", umeiba.

Hoja ya pili: eti dogo kapata uzoefu. Uzoefu haununui unga. Na huyo bosi mwenyewe, msanii akimwambia "nishutie video bure utapata uzoefu", anamtukana mbele za watu. Kuna kipande chake cha mahojiano cha mwaka jana analalamika kwamba wasanii hawaheshimu waongozaji, wanaposti video bila kutaja aliyeitengeneza. Alikuwa na uchungu kweli kweli. Uchungu ule ule leo anaupika na kumlisha mtu mdogo kuliko yeye. Kweli mkuki kwa nguruwe!

Hoja ya tatu ina ukweli kidogo: dogo alikosea kuanza kazi bila makubaliano. Ndiyo, alikosea. Alipaswa kuandika hata kwenye WhatsApp: ufundi shilingi kadhaa, nusu kabla ya kufungua boksi la kwanza, nusu siku tishu zikitoka kavu. Na pale bosi alipokataa rejeta za shaba, alipaswa kuandika "nimekushauri, umekataa" na kumwambia aweke thumbu hapo. Madogo wote mnaojifunza hizi kazi, hilo lishikeni. Lakini kosa la mtu kutokuandika halimpi mwingine ruhusa ya kumla.

Na kwa madogo wanaoitamani ile mashine: nyingi ya kazi za kuediti hazihitaji maji kabisa. Chukua boksi kubwa la kawaida, lenye feni nzuri mbele na nyuma na kipoza hewa kizuri juu ya prosesa, mashine itarenda usiku kucha na vumbi unapuliza mwenyewe Jumapili. Maji yana maana pale unapotaka nguvu nyingi kwenye nafasi ndogo, na una hela ya kuitunza. Kama hela ni ya kununulia tu na si ya kutunzia, hiyo ni jeneza la kioo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile mashine ilikuwa nzuri kweli, ingejiuza yenyewe na ikamuuza na aliyeijenga. Leo fundi huyu angekuwa na oda za studio tano, mji mzima ungekuwa na kijana mmoja zaidi anayelipa kodi ya fremu bila kubahatisha. Badala yake kakaa kwao, anatengeneza chaja za simu, anajibu meseji za watu wanaomuita tapeli.

Bosi, kufuta ile story hakutoshi, watu wameshapiga skrinshoti. Lipa ufundi wa siku nne. Posti ile ile video tena, sekunde 40 zile zile, halafu chini andika jina la aliyeijenga. Herufi hazifiki hata 20.

Wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Nani mwingine kajengewa na anajiita fundi?