Nta ya kondoo na kisigino chenye kupasuka



Kiangazi huku kwetu Lubumbashi ni kirefu. Katika Bel-Air baridi ya asubuhi ya mwezi wa 6 na wa 7 inakausha ngozi, na vumbi inamaliza kazi. Ndipo mama anauliza: «Minapakala mafuta kila siku, lakini kisigino inapasuka tu. Juu ya nini?»

Jibu liko mgongoni mwa kondoo. Si kondoo wetu wa mugini, mwenye nywele fupi, bali kondoo wa manyoya marefu wa nchi za baridi. Ngozi yake inatoa nta yenye kulinda manyoya na mvua. Katika kilo 100 za manyoya machafu, nta inaweza kuwa kilo 5 mpaka 25. Mwaka 1882, Wajerumani Otto Braun na Oscar Liebreich walipata namna ya kuisafisha ifae kwa pomadi. Ndiyo lanolini.

Tuilinganishe na mafuta ya ngazi. Katika mafuta ya ngazi, glicerini moja inashika asidi tatu za mafuta. Ukitia soda kostiki, vifungo vinakatika, unapata sabuni. Nta ya kondoo haina glicerini. Asidi zake zimefungana na alkoli nzito (si ile ya kunywa!) kama kolesteroli, na soda inazikata kwa shida. Kwa kupika sabuni, haifai.

Lakini iko na kipaji kingine: inaweza kushika maji karibu mara mbili ya uzito wake. Tena inayeyuka karibu digrii 40, ndiyo sababu inalainika mkononi.

Basi mama, shika hili: nta na mafuta havileti maji, vinafunga mlango ili maji ya ngozi yasitoke. Ukipakala ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga nyumba tupu. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu dakika 10, pangusa kidogo, pakala ngozi ikingali na unyevu, vaa soksi, lala. Kama hauna lanolini, vazelini itafaa kwa njia ile ile.

Mama mwenye kunyonyesha, chuchu zikipasuka, angalia kwanza kama mtoto anashika titi vizuri. Kisha kunyonyesha, pakala lanolini safi kidogo. Hakuna lazima ya kuifuta. Kukiwa usaha ao homa, enda kituo cha afya.

Ngozi ya wengine inaikataa. Jaribu kidogo kwenye mkono, ngoja siku 2.

Nanyi wababa wa mgodi: pakala kidogo kwenye vyombo vya chuma. Maji hayagusi chuma, kutu haiji.

Vijana, muwasomee wazazi karatasi ya kopo: neno ni «lanoline». Lakini mbele ya kutoa franga kwa kopo la bei kali, mjaribu kwanza beseni ya maji.