Wimbo wenye kutaja jina hauzikwi

Vijana wenzetu,

Kila mara mutu wetu akiuawa, kisha siku mbili tatu wimbo unatoka. Tunausikiliza, tunautuma ku WhatsApp, tunaweka picha ya mushumaa, kisha tunasahau. Tuseme ukweli: nyimbo nyingi za namna ile zinalia tu. Damu inamwangika, sawa. Lakini damu ya nani? Wapi? Tarehe gani?

Mu mwaka 1980, Mwingereza mwenye kuimba rock, Peter Gabriel, alitoa wimbo wenye jina moja tu: “Biko”. Steve Biko alikuwa kijana wa Afrika ya Kusini mwenye kuambia Weusi wenzake wasijizarau. Mwaka 1977 polisi ilimukamata, ikamuumiza kichwa kule Port Elizabeth, ikamubeba uchi ndani ya gari zaidi ya kilometa 1.000 mpaka Pretoria. Alikufa tarehe 12 Septemba, akiwa na miaka 30. Waziri akasema eti alikuwa anakataa kula. Jaji naye akasema hakuna mwenye kosa.

Serikali ya apartheid ilitaka habari iishie pale. Lakini wimbo wa Gabriel unaanza na mwezi, mwaka na mji, sawa prosevebali, kisha unataja jina. Ndani yake aliweka tena sauti za watu walioimba ku maziko ya Biko. Serikali ile ikaukataza. Wimbo wenye hauna hata tusi moja, uliwaogopesha nini? Juu jina na tarehe ni ushahidi.

Hapana, wimbo haukuangusha apartheid. Ni wanainchi njo waliiangusha: wanafunzi mu barabara, wafanyakazi mu migomo. Lakini wimbo ulisaidia jina lisizikwe pamoja na mwili. Tarehe 12 Septemba 2025, miaka 48 kisha kifo, Afrika ya Kusini ilifungua uchunguzi upya.

Hapa kwetu pia wanaogopa nyimbo. Novemba 2021, Kinshasa, tume ya sensure ilikataza “Nini tosali te” ya kikundi MPR. Wanainchi wakapiga kelele, na haikukawia wakaiachilia. Delcat Idengo yeye alionja gereza juu ya nyimbo zake, na tarehe 13 Februari 2025 akauawa kwa risasi hapa Goma. Haki yake tungali tunaingojea.

Wengine watasema: kutaja majina ni hatari. Ni kweli. Njo maana mwanamuziki asiachwe peke yake. Mumoja akitaja, ni rahisi kumunyamazisha. Tukitaja wote, watafunga nani na kuacha nani?

Basi, wanamuziki wetu: mbele ya kutoa wimbo wa kulilia mutu, mwende kwanza kwa jamaa yake. Muombe ruhusa, muulize jina kamili, tarehe na mahali, muviimbe. Na sisi wenye kusikiliza: ukituma wimbo, andika chini yake jina na tarehe. Mu kila kartie tuandike daftari ya wafu wetu. Siku tribunali itafunguka, isikose kitu cha kusoma.

Wafu wetu si hesabu. Wana majina. Tuyataje.

Mapambano yanaendelea.