Nani Anayekua, Wewe au Kampuni?

Siku hizi wafanyakazi wengi wa mjini huitwa katika semina za "kukua". Mkufunzi husimama mbele akaeleza kwamba akili ya mtu si jiwe, na kwamba aliyeshindwa jana aweza kujifunza leo. Maneno hayo ni ya kweli. Yameenezwa sana na Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2006. Lakini baada ya chai neno lile lile hugeuka maana: mauzo ya mwaka huu sharti yapite ya mwaka jana, na ya mwakani yapite ya mwaka huu. Mfanyakazi hurejea nyumbani akidhani amefundishwa jambo moja, kumbe ni mawili.

Kuyatenganisha mambo hayo hakuhitaji safari ya mbali. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, na Simiyu ndiyo nchi ya pamba. Historia ya zao hilo yatosha kutufundisha.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walikuwa na kilio kimoja kikubwa: mizani. Walileta pamba yao kwa wafanyabiashara, wakapunjwa uzito, wala hawakuwa na njia ya kuhakikisha. Wakajiunga. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho hilo likakua kwa kasi ya ajabu. Lilijipatia vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba, na likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Tani zilipanda, magari yaliongezeka, na ofisi nazo.

Mwaka 1966 kamati maalumu iliundwa kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Iligundua nini? Kwamba wanachama wengi hawakuelewa ushirika wao unavyoendeshwa, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache mno, na kwamba sauti ya mkulima haikufika juu. Kwa maneno mengine, vyama vilikuwa vimekua, bali wenye vyama walikuwa wameachwa pale pale. Mtu aliyeibiwa na mizani ya mfanyabiashara alikuwa sasa anashindwa kuusoma mizani wa chama chake.

Jawabu la jambo hilo halikutafutwa katika tani. Mwaka 1968 ulianzishwa mpango wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake. UNESCO ilisaidia, na makao yake yalikuwa Mwanza. Masomo yalifungamanishwa na kazi: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Watu wenye mvi walishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Kwa nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma, ambao katika miaka ya 1960 walikuwa kama theluthi mbili, walifikia takriban asilimia 10 katika hesabu rasmi za mwaka 1986.

Sasa tazama. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa katika miaka ya 1980. Shirika laweza kuvunjwa kwa amri ya siku moja. Lakini bibi aliyejifunza kusoma mwaka 1972 hakuvunjwa na amri yoyote.

Wala msimu wa 2019 hatujausahau. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikateremka, wanunuzi wakapungukiwa fedha, na wakulima wengi wa Simiyu wakakaa miezi wakingoja malipo yao. Kukua kwa kampuni hutegemea soko lililo mbali, ambalo wewe huna neno nalo. (Na mkulima wa pamba atakwambia kwamba mche uliokwenda majani mno huzaa vitumba vichache.)

Sisemi kampuni isikue. Mshahara hutoka humo. Ninalolipinga ni desturi ya kuubeba mkimbio wa ofisini na kuutua sebuleni. Baba ambaye lengo lake la mauzo limepandishwa tena humwuliza mtoto, "Umekuwa wa ngapi?" Hamwulizi, "Umejifunza nini?" Mama aliyeanza kujifunza cherehani huulizwa atapata wateja wangapi kabla hajajua kukata kola. Nyumba nzima huwa tawi la kampuni, tena tawi lisilolipwa.

Basi, semina ijayo itakapokwisha, jiulize swali hili: nikiondoka katika kazi hii kesho, nitaondoka na ujuzi gani? Kama jibu ni kutengeneza mashine, kupanga hesabu, au kuzungumza na mteja mkali bila kugombana, umekua. Kama jibu ni takwimu zilizobaki ubaoni, aliyekua ni mwingine.

Na jioni ya leo, baada ya chakula, toa ile stakabadhi ya pamba ya shamba lenu la Itilima au Maswa, au mkataba wa mkopo uliotiwa saini bila kusomwa hadi mwisho. Mpe mtoto wa darasa la sita ausome kwa sauti, nyote mkisikiliza. Mstari msioufahamu, uwekeeni alama kwa kalamu, mkaulizie Jumatatu.